Je, wajua kwa nini ndege iliyoruka jumla ya saa 10 kwa mwaka hukaguliwa sawa na iliyoruka saa 200?

Nchini Uingereza, mwenye ndege ndogo aliyeruka saa 10 tu mwaka mzima hulipa ada ileile ya kibali anayolipa mwenzake aliyeruka saa 200 kwa ndege kama hiyo. Aliyezoea magari huona hii ni kodi ya barabara iliyopandishwa angani.

Sivyo, ingawa jina "ada ya mwaka" ndilo linalopotosha. Ndege nyingi za kujiundia na za kizamani huruka kwa kibali maalumu badala ya cheti kamili cha ubora. Kinachokwisha kila baada ya miezi 12 ni cheti cha uhalali kinachoambatana na kibali hicho, na cheti hakipatikani kwa pesa peke yake. Mkaguzi aliyeidhinishwa na LAA, chama cha ndege ndogo kinachofanya kazi hii chini ya mamlaka ya usafiri wa anga (CAA), sharti aikague ndege kwanza na kutia saini. Kisha rubani aijaribu angani: apime kwa saa yake inapanda futi ngapi kwa dakika, apunguze mwendo mpaka mabawa yashindwe kuibeba, halafu aiinamishe hadi ifikie kasi yake ya mwisho inayoruhusiwa. Ada, inayopangwa kwa uzito wa ndege, hulipia makaratasi na wahandisi wa chama. Kuihesabu kuwa ndiyo gharama ya kumiliki ndege ni kama kuhesabu bei ya stempu kuwa gharama ya safari. Banda, bima na mafuta huimeza mara nyingi.

Marekani jambo hili liko wazi zaidi. Kwa miaka mingi ada ya usajili ilikuwa dola 5, lakini ukaguzi wa mwaka haukwepeki. Huko miezi huhesabiwa mizima: ukaguzi uliosainiwa tarehe 3 Juni hudumu hadi 30 Juni ya mwaka unaofuata. Wajanja hawakagui mwishoni mwa mwezi.

Basi kwa nini kalenda, si saa za kuruka? Kwa sababu ndege iliyokaa huoza, na mahali pa kuliona hilo ni kamshafti, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, katika injini za ndege ndogo za kampuni ya Lycoming, O-320 au O-360. Kamshafti hiyo imewekwa juu ya krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, mbali na oili iliyotulia chini. Injini ikizunguka, oili hurushwa na kuilowesha. Ikizimwa, oili huchuruzika, na baada ya wiki kadhaa chuma hubaki karibu kitupu. Jembe linalolimiwa hung'aa. Lililotundikwa hushika kutu.

Unyevu nao injini hujitengenezea yenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji. Mengi hutoka na moshi, lakini kiasi hupenya kwenye ringi za pistoni na kugeuka matone ndani, kama yale ya chini ya kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana kuwasha injini dakika tano pale chini "ili izunguke kidogo" ni kuidhuru: umeongeza maji bila joto la kuyafukuza. Lycoming wanataka iruke walau saa moja mfululizo kila siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzijoto 74 na 93, na oili ibadilishwe kila miezi minne hata kama saa 50 hazijafika.

Hapa tuweke breki kidogo. Kwenye injini ya kampuni nyingine, Continental O-200, kamshafti iko chini ya krankshafti, hivyo tatizo hili hupungua. Ndege ya jangwani nayo si sawa na ya ufukweni. Namba 12 ni ya kalenda, chuma hakiijui.

Mkaguzi hupimaje? Hujaza silinda hewa kwa shinikizo la psi 80 na kusoma inashika ngapi. Ikishuka sana, husikiliza: mluzi kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea moshi, kwenye njia ya kuingizia hewa ni valvu ya upande huo, kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi. Lakini silinda inaweza kusoma 76 kati ya 80 huku kamshafti inaliwa, kwa kuwa kipimo hiki hufanyika valvu zikiwa zimefungwa. Kwa hiyo hukata filta ya oili, hukunjua karatasi yake na kutafuta vumbi la chuma kwa sumaku.

Hata hilo likimpita, kuna ile saa ya rubani. Nundu za kamshafti zikiisha, valvu hazifunguki vya kutosha, na injini hupoteza nguvu pole pole huku ikinguruma vizuri tu. Sikio halisikii kitu. Ni ule upandaji, uliokuwa futi 700 kwa dakika mwaka jana na sasa ni 600 kwa uzito na hali ya hewa ileile, unaomrudisha fundi kwenye injini.