Kabla ya kubonyeza "Ingia kwa Google", imeili hiyo ni ya nani?

Dirisha la maombi ya vyuo na mikopo likifunguliwa, stesheneri za Mtwara mjini, Masasi na Newala hujaa vijana. Wengi hufunguliwa imeili ya Google (Gmail) pale pale. Mwenye kompyuta anabuni nenosiri, anaweka namba yake ya simu ili kazi iende haraka, kijana analipa na kuondoka na karatasi zake. Baadaye akinunua simu, kila tovuti anayojiunga nayo anabonyeza kitufe cha "Ingia kwa Google", anaingia kwa imeili ile ile bila kutunga nenosiri jipya. Mimi kama mtaalamu wa TEHAMA, hapo ndipo ninapopata wasiwasi.

Kitufe chenyewe si kibaya. Ukikibonyeza, tovuti haipewi nenosiri lako. Google huithibitishia kwamba ni wewe, na kwa kawaida huipa jina, anwani ya imeili na picha. Tovuti ile ikidukuliwa, nenosiri lako halimo. Hilo ni jambo kubwa, maana wengi wetu tuna nenosiri moja la kila mahali, na wezi wakilipata sehemu moja hulijaribu kwingine kote. LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, iliibiwa manenosiri ya watumiaji mwaka 2012. Mwaka 2016 taarifa za akaunti zaidi ya milioni 100 zikawa zinauzwa mtandaoni.

Ila anayeshika imeili yako anashika pia kila tovuti uliyoifungamanisha nayo. Hata kampuni kubwa hupenywa: Septemba 2018 Facebook ilitangaza kuwa wadukuzi wamechukua alama za siri zinazomfanya mtu abaki ameingia bila kuandika nenosiri, na baadaye ikasema akaunti zilizoguswa ni kama milioni 30. Tena Google inaweza kuifuta akaunti iliyokaa miaka 2 bila kutumika.

Kwa hiyo, kama imeili ni yako kweli, namba iliyowekwa ni ya laini yako mwenyewe na umewasha uthibitishaji wa hatua mbili (yaani baada ya nenosiri unathibitisha tena, mfano kwa msimbo unaotumwa kwenye simu yako), tumia kitufe hicho kwa tovuti za kawaida bila hofu. Kwa benki, mikopo na huduma za serikali, mimi nashauri nenosiri la pekee kwa kila moja: maneno manne yasiyohusiana, kama ngalawa, kijiko, Jumatano, mbaazi. (Haya yangu usiyatumie, yameshasomwa na wengi.) Yaandike kwenye daftari linalokaa nyumbani ukihofia kusahau.

Kama imeili ulifunguliwa, ingia leo. Badilisha nenosiri, weka namba yako, kisha tazama orodha ya vifaa vilivyoingia na uondoe usivyovijua. Ukidaiwa msimbo uliotumwa kwenye simu ya yule kaka wa stesheneri, mfuate dukani, akusomee, ubadilishe mbele yake.

Nanyi ndugu zangu wenye stesheneri, najua mnawasaidia watu wasio na kompyuta wala simu janja. Ikifika sehemu ya nenosiri, msogezeeni mteja kibodi aandike mwenyewe, na akimaliza mtoeni kwenye akaunti kabla hajainuka.