Picha ya daraja la Mbita macheo: tunayoambiana na yaliyo kweli

Mara nyingi nimewakuta vijana kwenye daraja la Mbita, linalovuka kwenda kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, jua likiwa limekwisha kupanda, simu juu, macho yamefinywa kwa mwanga. Wametoka Homa Bay au Kisumu usiku, wamelipa nauli, wamekosa usingizi, na wanarudi na picha ya daraja jeusi lenye doa jeupe juu yake. Hawakukosa bidii, na simu zao hazina kasoro. Waliambiwa mambo wakayaamini, na inaniuma kuona safari nzima imepotea hivyo.

"Tuko ikweta, jua hutoka saa kumi na mbili kamili."

Hii ndiyo inayowapotosha watu kuliko nyingine zote. Ni kweli ikweta inapita hapo Maseno, na urefu wa mchana wetu haubadiliki sana. Lakini saa ya Kenya imefuata longitudo ya 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti kwetu, unapita Somalia. Mbita iko karibu na longitudo ya 34, na kila nyuzi moja kuelekea magharibi huchelewesha jua kwa dakika 4. Ndiyo maana Mombasa wanaliona jua mapema kuliko sisi.

Juu ya hayo, jua lenyewe halifuati saa sawasawa mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba hutokeza Mbita karibu saa kumi na mbili na dakika 23. Katikati ya Februari ni karibu saa kumi na mbili na dakika 53. Hiyo ni nusu saa ya tofauti, mahali pale pale.

Kisha kuna vilima. Nyoosha mkono mbele yako, ulaze kidole kimoja juu ya upeo wa macho: unene wake ni nyuzi 2 hivi, nao jua huzipanda kwa dakika 8. Kilima chenye urefu wa vidole viwili kitakuchelewesha robo saa. Nenda jioni iliyotangulia ukapime.

"Mashariki ni mashariki."

Jua hutoka mashariki kamili siku mbili tu kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba. Juni husogea nyuzi 23 kuelekea kaskazini, Desemba nyuzi 23 kuelekea kusini. Ukimwona mtu amelipata jua katikati ya nguzo mbili, usiende miezi mitatu baadaye ukasimama pale pale ukitarajia likuje hapo. Utalikuta nyuma ya paa la duka.

"Picha yenyewe ni jua likitokeza."

Hapa ndipo ninapobishana na watu, na sitaacha. Jua hutumia dakika 2 na kidogo kutoka ukingo wa juu hadi kuonekana duara lote. Mwanga mzuri zaidi huwa umekwisha kupita wakati huo. Kwetu jua hupanda karibu wima, kwa hiyo mapambazuko ni mafupi. London wana nusu saa na zaidi ya mwanga wa kuonea kabla ya jua, sisi tuna dakika 21 au 22. Anayefika pamoja na jua amekosa yote hayo.

Mimi hufika saa kumi na moja na nusu. Daraja hili lilichukua nafasi ya tuta la mawe lililokuwa limeziba mlango kati ya Ghuba ya Winam na Ziwa Viktoria lenyewe, na sasa maji hupita chini yake. Saa hiyo ninayofika maji bado ni ya buluu nzito. Mbali ziwani kuna taa za wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, moja moja, kama mji mdogo uliolala juu ya maji. Baadaye mashua huanza kurudi. Moja ilipita asubuhi fulani karibu nami hivi kwamba nilisikia kasia likigusa ubavu wa mbao, tip, tip, na taa yao bado inawaka mbele, mwanga wake ukitetemeka kwenye nguzo ya daraja. Anga ilikuwa imeanza waridi kwa chini tu. Jua lilikuwa bado dakika 20.

Ukizitaka taa hizo, nenda siku za mwezi mwandamo. Omena huvutwa na taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazishindani nao, na wengi hupumzika. Lakini usivunjike moyo: asubuhi ya mwezi mpevu, mwezi huzama magharibi wakati jua linatoka mashariki, na unaweza kuupata juu ya ziwa.

"Anga lazima iwe safi."

Anga tupu hukupa rangi moja na hakuna kingine. Mawingu ndiyo yanayoshika rangi. Na ziwa letu huyatengeneza lenyewe: usiku nchi kavu hupoa, upepo huvuma kutoka kila ufuo kuelekea ziwani, hewa hukutana katikati na kupanda, radi zikapiga huko hadi alfajiri. Kwa hiyo asubuhi nyingi marundo ya mawingu yako magharibi, na mwanga wa kwanza huyapiga usoni. Geuka! Mpe jua kisogo. Picha zangu mbili ninazozipenda kuliko zote za daraja hili hazina jua ndani.

"Simu haiwezi." "Vuta karibu, jua litakuwa kubwa."

Simu inaweza. Kinachoiangusha ni kuachiwa iamue yenyewe. Ikiona giza jingi hulitia mwanga, na anga yako ya rangi ya chungwa inageuka nyeupe. Gusa sehemu angavu kando ya jua, shikilia hadi ijifunge, kisha telezesha kidole chini mpaka rangi irudi. Flashi izime, haiwezi kufika darajani. Tumia stendi na taima, na stendi usiisimamishe juu ya daraja, maana lori likipita daraja hutetema na picha pia.

Kuhusu ukubwa: jua lina upana wa nusu nyuzi, liwe chini au utosini. Ukubwa ule wa asubuhi ni macho kudanganyika. Lifanye kubwa kwa kurudi nyuma. Ukisimama mita 100 kutoka darajani, jua hufunika sehemu ya daraja isiyofika mita moja. Rudi hadi mita 500, litafunika takriban mita 4 na nusu, kisha tumia lenzi ndefu. Kuvuta kwa kidole kwenye simu hukata tu picha. Na tafadhali, jua likishapanda usilitazame kupitia tundu la kamera yenye lenzi ndefu. Linaumiza macho kabisa.

"Maji yasipotulia kama kioo, rudi nyumbani."

Hapana. Mawimbi madogo huurefusha mwanga uwe njia ndefu ya dhahabu hadi miguuni pako. Kinachoweza pia kuharibu taswira ya daraja majini ni filta ya polaraizi, kioo cha kupunguza mng'ao, ambayo watu huiacha kwenye lenzi bila kufikiri. Izungushe uone inavyoifuta taswira hiyo. Gugumaji nalo huhamia upepo unakolipeleka, na jana si kipimo cha leo.

"Alfajiri ufuo hauna hatari."

Viboko hula nchi kavu usiku na kurudi majini kunapokucha, saa ile ile yako. Usisimame kati ya kiboko na maji, hata kama pembe ya picha ni nzuri namna gani. Waulize wenyeji njia zao. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya safari za ndege, KCAA, hata ukiirusha dakika tano.

Na wavuvi si mapambo. Wamekesha, wana baridi, wanahesabu walichopata. Mimi husema "oyawore", salamu ya asubuhi kwa Kijaluo, kwanza, nasubiri wamalize kushusha nyavu, ndipo naomba. Mzee mmoja alikataa. Nilifunga lenzi, nikamsaidia kubeba beseni hadi kwa akina mama waliokuwa wakitandaza omena kwenye nyavu, na jua lilitoka nyuma yetu tukiwa bado njiani.