Je, injini ya zamani iliyotembea kilomita nyingi inaweza kuhimili supachaja?

Gari lina miaka mingi. Bodi bado nzuri, injini inawaka mara moja, haitoi moshi wa kutisha, lakini kilima kikianza inalemewa. Mwenye gari anasikia kwamba kuna kifaa kinachofungwa mbele ya injini na kuipa nguvu mpya bila kuibadilisha. Kisha anaangalia namba kwenye dashibodi, kilomita 200,000 au 300,000, na anajiuliza kama injini hiyo itaongezeka nguvu au itapasuka.

Injini nyingi za umri huo huhimili, mradi shinikizo linaloongezwa liwe dogo na injini iwe bado inaziba vizuri, yaani silinda zake hazivujishi hewa wala gesi. Kilomita peke yake hazisemi mengi. Injini iliyobadilishiwa oili kwa wakati inaweza kufika kilomita 300,000 ikiwa nzima kuliko nyingine iliyochemka mara mbili kabla ya kilomita 100,000. Ili kuelewa kwa nini kuziba ndiko kunakoamua, inabidi tuanze na hewa.

Injini ya petroli ya kawaida hutegemea angahewa iijaze. Pistoni inaposhuka huacha nafasi, na hewa ya nje, iliyo na shinikizo la karibu bar 1 kwenye usawa wa bahari, huingia kuijaza nafasi hiyo. Mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Kila gramu ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, kwa hiyo hewa ikiisha, nguvu nayo imeishia hapo. Kumwaga petroli zaidi kunaongeza moshi tu.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), na hapo ndipo inapotofautiana na tabo, ambayo huzungushwa na gesi za ekzosi. Wazo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya kipulizia chao mwaka 1860, kabla ya magari kuwapo, na kikatumika kupuliza hewa kwenye tanuru za kuyeyushia chuma. Gottlieb Daimler alipata hataza ya kusukuma hewa ndani ya injini mwaka 1885. Mwaka 1921, kwenye maonyesho ya magari ya Berlin, Mercedes ilionyesha magari ya kuuzwa kwa watu yenye kifaa hicho.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji wa vifaa hivi hulipita haraka, nalo ni joto. Hewa ikibanwa hupata moto. Tuseme hewa ya nje ina nyuzi 25 za selsiasi, na supachaja inaongeza bar 0.4 juu ya angahewa, kiasi ambacho watu wengi hukiita kidogo. Shinikizo limepanda kwa asilimia 40, na ni rahisi kuamini kwamba nguvu nayo itapanda asilimia 40. Lakini pampu ya aina ya Roots yenye ufanisi wa asilimia 60 itaitoa hewa hiyo ikiwa na nyuzi 75 hivi, na hewa ya moto hutanuka. Ukifanya hesabu, uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda umeongezeka kwa asilimia 20 tu. Nusu ya faida imemezwa na joto. Ukiweka kipoza hewa kati ya supachaja na injini, na hewa ikashuka hadi nyuzi 40, ongezeko linapanda kufikia asilimia 33 bila kugusa shinikizo hata kidogo. Ndiyo maana, kwa injini iliyochoka, ningeanza na kipoza hewa kabla ya kufikiria puli ndogo ya kuongeza kasi ya pampu. Kinaongeza nguvu na wakati huohuo kinaiondolea injini mzigo wa joto.

Pampu yenyewe pia inakula. Kwa injini ya lita 2 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika kwenye shinikizo hilo, kubana hewa peke yake kunahitaji kilowati 6 hadi 7, kabla ya kuhesabu msuguano. Nguvu hiyo yote hupita kwenye mkanda, na mkanda huvuta pua ya krankishafti upande mmoja, ukiilemea beringi kuu ya mbele. Puli nyingi za krankishafti zina pete ya mpira katikati, iliyowekwa kutuliza mtikisiko. Mpira wa miaka ishirini huwa umekakamaa na kupasuka, na ukiongezewa mzigo wa supachaja, sehemu ya nje ya puli inaweza kuteleza au kung'oka kabisa. Puli mpya ni gharama ndogo ukilinganisha na uharibifu huo.

Ndani ya injini yenyewe, tatizo la kwanza ni kwamba sehemu nyingi za njia ya hewa zilitengenezwa kwa ajili ya kunyonywa, na zikazeeka zikinyonywa. Injini isiyo na supachaja, shinikizo kwenye manifoldi yake ya hewa (mabomba yanayoigawa hewa kwa silinda) huwa chini ya angahewa karibu wakati wote, na likipanda sana hulingana nayo. Ukifunga supachaja, mwelekeo unageuka. Mipira ya mabomba iliyolegea ambayo zamani ilinyonywa na kujibana, sasa inasukumwa ichomoke. Gasketi ya manifoldi iliyokuwa inavutwa ndani inapulizwa nje.

Hatari zaidi ni vavu ya kupumulia ya krankikesi, yaani sanduku la chini lenye krankishafti. Kazi yake ni kuziachia gesi zilizopenya kwenye ringi za pistoni zirudi kwenye manifoldi zikaunguzwe. Injini ikiwa kwenye supachaja na vavu hiyo haifungi sawasawa, hewa yenye shinikizo inaingia moja kwa moja kwenye krankikesi. Ringi zilizolika nazo zinamwaga gesi zao humohumo, tena nyingi kuliko zamani, kwa sababu shinikizo juu ya pistoni limeongezeka. Matokeo yake ni sili zinazovuja oili, kijiti cha kupimia oili kinachoruka kutoka mahali pake, na mvuke wa oili unaorudi kwenye hewa ya kuingia. Mvuke huo unaleta balaa lingine: oili ikichanganyika na petroli hushusha uwezo wake wa kuhimili kubanwa bila kujilipua.

Hilo linatufikisha kwenye kugonga, muuaji mkuu wa injini zilizoongezewa hewa. Mwako mzuri huanzia kwenye plagi na kusambaa kwa mpangilio. Kugonga hutokea pale mchanganyiko uliobaki pembeni, ukiwa umebanwa na kupashwa moto kupita kiasi, unapojiwasha wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Injini ya zamani ina sababu zake za ziada. Kaboni iliyojengeka juu ya pistoni kwa miaka mingi hupunguza nafasi ya mwako, ikapandisha kompresheni, yaani mara ambazo mchanganyiko hubanwa ndani ya silinda, kimyakimya. Vipande vyake hubaki vikiwaka kama makaa na kuwasha petroli kabla ya wakati. Kwenye shinikizo la kawaida injini huvumilia hayo. Ukiongeza bar 0.4, inaweza kuvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi kwa dakika chache tu za mwendo wa mzigo mzito.

Viwanda vinalijua hili, na ukitazama walichofanya utajifunza zaidi kuliko kwenye tangazo lolote. Toyota ilipoifungia supachaja injini yake ya lita 1.6 ya 4A-GE mwaka 1986, ikaiita 4A-GZE, ilishusha kompresheni hadi 8.0 kwa 1 na kuweka pistoni za kufua badala ya za kumimina. General Motors walifanya jambo la aina hiyo kwenye injini yao ya 3800: isiyo na supachaja ilikuwa na kompresheni ya 9.4 kwa 1 na nguvu farasi 205, yenye supachaja ikashushwa hadi 8.5 kwa 1 na kutoa 240. Wahandisi wenye maabara na injini mpya waliona lazima washushe kompresheni. Mtu anayefunga supachaja kwenye injini ya 10 kwa 1 iliyojaa kaboni amejipunguzia nafasi ya usalama kwa pande mbili.

Watu wengi huhofia konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krankishafti, na krankishafti yenyewe. Kwenye shinikizo dogo hofu hiyo kwa kawaida ni kubwa kuliko ukweli. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 86 tayari hupokea msukumo wa tani 3 na nusu hivi mwako unapofikia bar 60, na sehemu hizi zilitengenezwa na akiba. Kilichopungua kwenye injini iliyotembea sana ni utando wa oili kwenye beringi. Nafasi zikipanuka, oili hutoroka haraka na shinikizo lake hushuka. Kwa hiyo kipimo cha shinikizo la oili injini ikiwa ya moto kinakuambia zaidi kuliko odomita. Na usibonyeze mafuta mpaka mwisho ukiwa kwenye gia kubwa na mwendo mdogo, hasa ukiwa na aina ya Roots ambayo huleta shinikizo tangu mizunguko ya chini. Hapo utando wa oili ni mwembamba na kugonga ni kwepesi. Supachaja ya sentrifugo, inayorusha hewa kwa gurudumu la mapanga linalozunguka kwa kasi na ambayo shinikizo lake hupanda taratibu na mizunguko, huionea huruma injini ya zamani kwa upande huu.

Kabla ya kununua chochote, pima. Kipimo cha kompresheni hufanywa injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na njia ya hewa imefunguliwa yote. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, simama hapo. Mwaga oili kidogo kwenye silinda dhaifu na upime tena: namba ikipanda, ringi zimelika, isipopanda, angalia vavu au gasketi ya silinda hedi.

Kizuri zaidi ni kipimo cha uvujaji, ambapo hewa yenye shinikizo linalojulikana huingizwa kwenye silinda pistoni ikiwa juu kabisa, kisha unasoma kiasi kinachotoroka. Chini ya asilimia 10 ni afya. Zaidi ya 20, pesa ya supachaja itumike kwanza kuifumua injini. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu sikio linakuonyesha mahali penyewe. Hewa ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Ikisikika kwenye ekzosi, ni vavu ya kutolea. Ikisikika kwenye njia ya hewa, ni vavu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta maana yake gasketi ya silinda hedi tayari inaruhusu, na supachaja itaimaliza.

Petroli nayo ihesabiwe. Pampu ya petroli na nozeli za kuinyunyiza za umri huo mara nyingi zinatoa chini ya kipimo chake cha awali, na kompyuta ya injini za zamani nyingi husoma shinikizo la manifoldi hadi kiwango cha angahewa tu. Zaidi ya hapo haioni kitu. Hewa inaongezeka, kompyuta inamwaga petroli ileile, mchanganyiko unakuwa mkavu na moto kupita kiasi, na pistoni za alumini huanza kuyeyuka hata kabla ya nyuzi 660 wakati mwako unapita 2,000. Inabidi kompyuta ipangwe upya au ibadilishwe, ili injini ikiwa kwenye shinikizo ipate uwiano wa hewa na petroli wa karibu 12 kwa 1, na cheche zicheleweshwe kidogo. Nozeli zisafishwe na zipimwe mtiririko wake, pampu iwe mpya. Rejeta iliyoziba nusu, ambayo ilitosha kwa safari za kila siku, haitatosha tena.

Kwenye mwendo wa kawaida wa barabarani, vavu ya kupitishia pembeni huirudisha hewa na injini huwa kama haina supachaja. Kwa hiyo uchakavu wa ziada unategemea mguu wa dereva. Anayetafuta kupanda kilima bila kuhangaika anaweza kubaki kwenye bar 0.3 au 0.4 kwa miaka mingi. Anayebadilisha puli kila anapozoea nguvu aliyonayo, injini ya zamani haitamfikisha mbali.

Weka plagi za baridi (zinazopoteza joto haraka) hatua moja kuliko za mwanzo na punguza mwanya wake, kwa sababu cheche hupata shida kuruka kwenye hewa nzito. Baada ya safari za kwanza za mzigo mkubwa, zitoe zote uzitazame kwa kioo cha kukuzia. Kaure inayozunguka ncha ya plagi ikiwa nyeupe kabisa inamaanisha petroli haitoshi. Oili kwenye plagi moja inakuonyesha silinda yenye ringi mbaya. Ukiona chembe ndogo ndogo zinazong'aa kwenye kaure, hizo ni alumini ya pistoni: zima gari, toa mkanda wa supachaja, na usiurudishe mpaka upangaji wa petroli na cheche uwe umerekebishwa.