Ukiulizwa ulipe kwa sarafu ipi

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye kitengo cha kadi cha benki, na simu ninazopokea kutoka kwa wateja walioko likizo nje ya nchi zinafanana sana. Walioibiwa ni wachache. Wengi pesa zimewaponyoka kwa njia halali kabisa: mashine iliwauliza swali, wamechoka, foleni iko nyuma yao, wakabonyeza tu. Swali lenyewe linajulikana, na jibu lake unaweza kuondoka nalo nyumbani.

Umemaliza kula, umeomba bili, mhudumu amekuletea mashine ya kulipia. Kiooni unaona kiasi mara mbili: juu euro 80, chini yake kiasi hichohicho kwa sarafu ya nyumbani kwako. Uchague ipi? Ya nyumbani inavutia kwa sababu ndiyo unayoielewa. Lakini ukiigusa hiyo, benki yako haihusiki tena na kubadilisha fedha. Kazi hiyo inachukuliwa na kampuni yenye huduma ile ya mashine, kwa kiwango ilichokipanga yenyewe, faida yake ikiwa ndani. Ukichagua euro, hesabu inafanywa na mtandao wa kadi yako, Visa au Mastercard, na kiwango chao kwa kawaida hukaribiana na cha soko. Benki yako itaongeza ada yake, kama ipo. Tofauti mara nyingi ni asilimia kadhaa ya bili, na utakutana na swali hilo kila siku ya likizo. Tangu Aprili 2020, sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka kampuni hizo zionyeshe nyongeza yao kwa asilimia, zikilinganisha na kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Isome hiyo asilimia. Kwingineko huenda usiione kabisa, kwa hiyo chagua sarafu ya nchi uliyomo, kila mara.

Kwenye ATM swali ni lilelile, ila limevaa maneno ya kutisha zaidi: unakubali au unakataa ubadilishaji wa fedha? Watu huogopa kugusa "kataa" wakidhani muamala mzima utafutwa. Unachokataa ni kiwango chao tu. Kwa kawaida noti zinatoka vilevile, na benki yako ndiyo inayokokotoa. Angalia pia ada ya mashine yenyewe kabla ya kuthibitisha. Kama kuna ada ya kila mara unapotoa, ni afadhali kutoa kiasi cha siku kadhaa kwa mkupuo mmoja. Na usitoe pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ila kwa dharura, maana kadi nyingi huanza kuhesabu riba siku hiyohiyo.

Kadi ya mkopo ina kazi yake nyingine, nayo ni hoteli na gari la kukodi. Niliwahi kupokea simu ya baba aliyekuwa amesimama na watoto mbele ya kaunta ya magari, kadi yake ya debiti imekataliwa. Asubuhi alikuwa ameona salio la kutosha. Tulipofungua akaunti tukakuta hoteli aliyofikia imezuia kiasi kikubwa cha dhamana, kwa ajili ya uharibifu au vinywaji vya chumbani. Pesa hizo zilikuwa hazijakatwa, zilikuwa zimefungiwa, na hata hoteli ikiziachia siku ya kuondoka zinaweza kuchukua siku kadhaa kuonekana tena. Kwenye kadi ya mkopo kinachofungiwa ni sehemu ya mkopo unaoruhusiwa. Kwenye debiti ni pesa yako ya kula. Iandikie hoteli mapema uulize watazuia kiasi gani. Ni barua pepe ya mistari miwili.

Beba kadi mbili za mitandao tofauti, moja kwenye pochi na nyingine kwenye begi.

Sasa laini ya simu, ambayo karibu kila mtu huisahau. Benki inakutumia namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Ukishafika, ukanunua laini ya huko na kuichomoa ya kwako, namba hiyo inatumwa kwenye kadi ya simu iliyolala ndani ya sanduku. Kama simu yako inakubali eSIM, yaani laini ya kidijitali isiyohitaji kadi ya kuchomeka, weka intaneti ya huko kwenye eSIM na uiache laini yako mahali pake, huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje imewashwa na data yake imezimwa. Yapange haya na kampuni yako ya simu kabla ya kuondoka.

Taslimu beba kidogo, ya usafiri na ya usiku wa kwanza. Dola ziwe safi, zisiwe na mikunjo wala maandishi. Noti za 100 chukua zile zenye utepe wa buluu, zilizotoka Oktoba 2013, kwa sababu za zamani hukataliwa sehemu nyingi. Duka la fedha likijitangaza kwamba halitozi ada, tazama bei mbili ubaoni. Likinunua kwa 92 na kuuza kwa 108, ukibadilisha na kurudisha siku hiyohiyo litabaki na karibu 15 katika kila 100 zako. Sarafu nyingine haziruhusiwi kutoka nje ya nchi yake, kama dinari ya Tunisia, kwa hiyo tunza risiti na ubadilishe salio kabla ya kuondoka. Ukiingia Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi, au Marekani na zaidi ya dola 10,000, unatakiwa kutamka forodhani kwamba unazo. Kutamka hakukulipishi kodi. Kutotamka ndiko kunakoweza kufanya pesa zikamatwe, na Marekani familia inayosafiri pamoja huhesabiwa kwa jumla.

Pasipoti: nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 ya uhai. Kwa wageni, nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, zinataka miezi 3 baada ya siku unayopanga kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Viza yao inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Bima inayofidia safari ikiahirishwa inunue siku uliyolipia tiketi. Ukingoja wiki ya safari, huo muda wote wa katikati ulikuwa huna kinga.

Ukirudi, kagua taarifa ya akaunti kwa mwezi mzima na risiti zako mkononi. Tafuta dhamana ambayo haijaachiwa, na bili ya hoteli iliyokatwa mara mbili. Ukiikuta, ipigie benki siku hiyohiyo, kwa kuwa muda wa kupinga muamala una kikomo.