Arosto ya ngono: maswali ya walioamua kuacha

Nimeacha video za ngono na kwenda gesti, hii ni wiki ya pili. Silali, nafoka ovyo nyumbani. Naumwa?

Hapana, ndugu yangu. Ulizoea kujituliza kwa njia moja kila ulipochoka au kukasirika. Umeifunga, na bado hujapata nyingine. Hasira, kukosa usingizi na hamu inayokuja kwa kishindo hulalamikiwa sana na wanaoacha. Hali hii inatesa, ila haina hatari ya arosto ya pombe, ambayo huweza kuleta degedege na hata kuua. Kama unakunywa kila siku na unataka kuacha vyote kwa mpigo, anzia kwa daktari.

Kwani mtindo huu wa kushindwa kujizuia na ngono ni ugonjwa au tabia tu?

Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Kinachoangaliwa ni kushindwa kujizuia kwa miezi 6 au zaidi, hadi kazi, ndoa au afya inaharibika. Kuwa na hamu kubwa, au kuona aibu kwa sababu ya dini, peke yake hakutoshi.

Hamu ikinishika usiku nifanyeje?

Usibishane nayo kitandani. Hamu hupanda kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata usipoitimiza. Inuka, toka chumbani, nawa uso, mpigie mtu anayejua unachopitia. Simu ilale sebuleni, tena bila bando.

Asubuhi andika: ilikuwa saa ngapi, nilikuwa wapi, nini kilitangulia? Baada ya wiki chache utaziona saa zako za hatari. Kwa mkulima wa korosho huenda ni siku ya malipo ya mnada: ametoka Newala au Tandahimba, yuko peke yake Mtwara mjini, pesa mkononi, basi la mwisho limeondoka. Siku hiyo ipangwe mapema. Nenda na mkeo au kaka yako, na mrudi mchana.

Sasa sina hamu kabisa. Nguvu za kiume zimekwisha?

Baadhi hupitia kipindi cha kupoa, kisha hamu hurudi. Nakusihi usinunue vidonge vya stendi. Baadhi yake vikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrati, presha hushuka ghafla hadi kuhatarisha maisha. Hali isipobadilika, kapime sukari na presha. Vyote huathiri nguvu za kiume.

Juzi niliteleza, bila kondomu.

Wahi hospitali leo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na humezwa siku 28. Siku ulizojizuia hazijafutika.

Mimi ni mkewe. Nimsaidieje?

Usigeuke askari wa simu yake, dada yangu. Utachoka na yeye atajifunza kuficha. Kapimeni VVU wote wawili. Na wewe umeumizwa, tafuta wa kuongea naye.

Tuanzie wapi?

Hospitali ya Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Dirishani huna haja ya kueleza yote. Sema: "Naomba kuonana na mhudumu wa afya ya akili." Ukiwa na mawazo ya kujiua, nenda sasa hivi, na usiende peke yako.