Kichwa cha Akiba Huanzia Shingoni: Tunavyodanganyana Kuhusu Vichwa vya Vijisanamu vya Vita

Kopo langu la vichwa lina vichwa vingi kuliko miili niliyo nayo, na zaidi ya nusu havijawahi kupata mwenyewe. Si kwamba ni vibovu. Nyuso zimetoka safi, kofia zinapendeza, aliyevichonga anaijua kazi yake. Nilivinunua kwa kuamini mambo ambayo sisi wacheza vita vya mezani, tunaopigana kwa askari wadogo wa plastiki na metali, huambiana kila siku bila kuyapima, na bado nayasikia yakirudiwa kwa kila anayeanza kubadilisha vijisanamu vyake. Nayataja hapa, na pale nilipoumia zaidi nitakawia.

“Kimeandikwa milimita 28, basi kitaingia”

Hii ndiyo iliyonijazia kopo. Milimita 28 si skeli, yaani uwiano kama 1/56, ambapo kijisanamu ni kidogo mara 56 kuliko mtu wa kweli. Ni urefu wa kijisanamu, na hata huo urefu watengenezaji hawajakubaliana unapimwa hadi wapi: wengine hupima kutoka unyayo hadi machoni, wengine hadi utosini. Ndiyo maana utaona milimita 28 ikilinganishwa na 1/56 hapa, 1/60 pale, na 1/64 kwingine, na hakuna anayedanganya.

Halafu kuna umbo. Vipo vijisanamu vilivyochongwa kwa uwiano wa mwili wa kweli, na vipo vya mtindo uitwao wa kishujaa: kichwa kikubwa, viganja vikubwa, mtutu wa bunduki mnene kama gogo, ili kila kitu kisomeke hata ukiwa umesimama upande wa pili wa meza. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa takribani vichwa vyake 7 na nusu. Askari wa kishujaa huweza kuwa na vitano na kitu. Chukua plastiki za kampuni za Perry Miniatures au Victrix, ambazo ni nyembamba na zinafuata mwili wa binadamu, uziweke kando ya askari wa kishujaa wa kampuni ya Games Workshop. Utadhani umechanganya watoto na mababu zao.

Fanya hesabu kidogo. Kichwa cha mtu mzima, kutoka kidevuni hadi utosini, ni kama sentimita 23. Kwenye 1/72 hiyo inakuwa milimita 3.2. Kwenye 1/56 ni 4.1, kwenye 1/48 ni 4.8, na kwenye 1/35 ni 6.6. Sasa utaona kwa nini kichwa cha askari wa 1/48, kilichokusudiwa kukaa kando ya mfano wa ndege, kinaweza kumfaa mtu wa milimita 28 wa kishujaa, ilhali kichwa chenye maandishi “28” kutoka kwa mtengenezaji wa umbo la kweli kikamwia kidogo mno.

Mimi sikufanya hesabu. Niliagiza vichwa vyenye helmeti, nikaangalia tangazo likasema milimita 28, nikalipa. Vilipofika nikaviweka juu ya miili yangu yenye mabega mapana, na kila askari akawa kama chungu kilichofunikwa kwa kizibo cha chupa. Tangazo halikuwa na uongo hata kidogo. Mjinga alikuwa mnunuzi.

Tangu hapo namwomba muuzaji picha ya kichwa kikiwa kando ya rula, na nikipima napima uso, kutoka kidevu hadi nyusi. Kofia haipimwi. Helmeti yenye ukingo mpana hukifanya kichwa kidogo kionekane kimejaa, na kofia ya kitambaa iliyobana hukifanya kikubwa kionekane kimepungua. Na ukilazimika kukosea, kosea upande wa ukubwa. Macho yetu yameshazoea vichwa vikubwa mezani, lakini kichwa kidogo hakisamehewi.

“La muhimu ni kichwa, shingo itajipa”

Haijipi. Kama ungeniuliza jambo moja tu kuhusu vichwa vya akiba, ningekujibu: angalia shingo kabla hujaangalia uso.

Kwa kawaida kuna maungio ya aina tatu. Kuna kichwa chenye shingo inayoishia kwa kitufe cha mviringo, kinachokaa katika kishimo kilichochimbwa kwenye ukosi. Kuna kichwa chenye shingo iliyokatwa bapa, kinachobandikwa juu ya uwanda mdogo katikati ya mabega. Na kuna kichwa kisicho na shingo kabisa, kwa sababu shingo imechongwa pamoja na mwili. Ukichukua kichwa cha aina ya kwanza ukakiweka kwenye mwili wa aina ya tatu, unapata shingo mbili na askari wako anakuwa twiga. Ukifanya kinyume, kidevu kinazama kifuani na umepata kobe.

Yote mawili yanatibika. Twiga hukatwa shingo kwa kisu cha ufundi kisha husawazishwa kwa tupa ndogo, kidogo kidogo, huku ukijaribu kila mara. Kobe hujengewa: jaza kishimo cha ukosi na ujenge shingo kwa epoksi ya kufinyanga, ile inayouzwa kama ukanda wa bluu na njano na kugeuka kijani ukiikanda. Inakupa muda wa saa moja hivi ya kuichezea kabla haijaanza kukaza, na ikifika kesho yake imekuwa ngumu. Ukiona maungio hayatazamiki, viringisha kipande chembamba cha epoksi hiyohiyo, kizungushe shingoni, kikandamize mikunjo kwa ncha ya sindano iliyolowa maji, na askari amevaa skafu. Ukiona jeshi lililobadilishwa ambalo kila mtu ana skafu, usidhani kulikuwa na baridi.

Kabla ya gundi, shikiza kichwa kwa chembe ya ule udongo wa kubandikia karatasi ukutani. Kigeuze kushoto, kigeuze kulia, kipige picha kwa simu. Picha huona unachokipita kwa macho. Mtu anayelenga bunduki hatazami mbele kama yuko gwaride. Shavu limeegemea kitako cha bunduki na kichwa kimelala kidogo upande huo. Anayekimbia hutazama anakokwenda, si mahali kifua kilikoelekea. Nimewahi kuona kichwa kizuri kikiharibu mwili mzuri kwa sababu tu kilibandikwa wima kama msumari.

“Ni lazima ununue vichwa vinavyouzwa peke yake”

Vipo, na vingine ni vizuri mno. Anvil Industry wa Uingereza wanauza vichwa vya rezini, plastiki inayomiminwa kwenye kalibu, vya kila namna, na Statuesque Miniatures wamejulikana kwa vichwa vya wanawake, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa adimu kwenye plastiki. Kwa afisa mmoja au kikosi kidogo chenye sura yake, hapo sibishani.

Lakini kwa jeshi zima, fremu za plastiki, zile ambazo vipande hukatwa kutoka kwenye vijiti vyake, ndiyo hazina. Perry, Victrix na Wargames Atlantic wana kawaida ya kuweka vichwa vingi kuliko miili, ili sanduku moja litoe vikosi vya aina mbili au tatu. Vinavyobaki huishia kwenye makopo kama langu. Kila mcheza vita unayemjua ana kopo hilo, na wengi watakupa kwa kubadilishana na mikono au mapanga usiyoyataka. Wapo pia wauzaji wanaovunja masanduku na kuuza fremu moja moja, na mara nyingi fremu moja yenye miili na vichwa ni nafuu kuliko pakiti ya vichwa vya rezini. Uliza kwanza, nunua baadaye.

“Supaglu ndiyo gundi ya kila kitu”

Inashika karibu kila kitu, ndiyo, lakini kushika si kuunga. Plastiki ngumu ya kwenye fremu ni polistirini, na gundi yake maalumu huyeyusha pande zote mbili kidogo, zikachanganyika, zikakauka zikiwa kitu kimoja. Kichwa kilichoungwa hivyo hakidondoki tena. Gundi hiyohiyo haifanyi lolote kwenye rezini wala metali. Huko ndiko kwa supaglu au epoksi. Kwa hiyo kichwa cha rezini kwenye mwili wa plastiki ni kazi ya supaglu, hata kama mwili ungependa nyingine.

Vichwa vya rezini vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kabla ya yote, maana hutoka kwenye kalibu vikiwa na mafuta yanayokataa gundi na rangi. Ukivipiga msasa, uwe msasa wa maji, na uvae barakoa. Vumbi lake si la kuvuta. Na wale askari laini wa 1/72 wanaopindika ukiwabonyeza, wengi wao ni wa polithini, plastiki ambayo gundi nyingi huikimbia. Hao wapigilie pini.

“Kijisanamu cha metali hakibadilishwi kichwa”

Kinabadilishwa, ila usitumie koleo. Koleo huminya shingo na kuharibu ukosi. Tumia msumeno mwembamba wa meno madogo, kata chini ya kidevu, sawazisha kwa tupa. Toboa kitundu cha milimita 1 shingoni kwa keekee ya mkono, kingine chini ya kichwa, na katikati yake kipande cha waya wa shaba, au hata kibanio cha karatasi kilichonyooshwa. Ili vitundu vielekeane, weka tone la rangi mbichi juu ya waya unaochomoza shingoni kisha gusisha kichwa: alama itakayobaki ndipo pa kutoboa. Metali za zamani zina madini ya risasi, basi futa unga kwa kitambaa chenye maji na unawe mikono kabla hujagusa chakula.

“Badilisha kichwa, umebadilisha jeshi”

Hapa pana ukweli nusu, na ni nusu tamu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kofia ndiyo kalenda. Mfaransa wa 1914 yuko na kepi, kofia ya kitambaa yenye ukingo wa mbele. Kuanzia 1915 anavaa helmeti ya Adrian. Mwingereza anaanza na kofia ya kitambaa, anapata helmeti ya Brodie, ile ya umbo la sahani, iliyoanza kutolewa 1915. Mjerumani anaiacha ile yenye mkuki utosini na kupewa Stahlhelm, helmeti ya chuma, kuanzia 1916. Kwa pakiti moja ya vichwa unasogeza kikosi miaka miwili mbele. Adrian ilivaliwa pia na Wabelgiji, Waitaliano, Waserbia, Waromania, na Warusi kadhaa. Nembo ya mbele ilitofautiana, Mbelgiji akiwa na kichwa cha simba na Mrusi tai wa vichwa viwili, ila kwa milimita 4 hiyo ni nukta ya brashi.

Nusu ya pili ni mwili wenyewe. Mmarekani wa 1917 alivaa helmeti ya umbo lilelile la sahani, lakini ukimwekea kichwa hicho Mwingereza bado mifuko ya risasi kifuani, mkoba na bunduki vitasema ni Mwingereza. Na Mfaransa wa 1914 ukimpa Adrian huku umemwachia suruali nyekundu, umepata mtu asiyejua yuko mwaka gani. Mimi hutazama vitu vitatu kabla ya kununua kichwa: koti, mikanda, bunduki. Viwili vikikubali, namalizia kwa rangi. Kikikubali kimoja tu, namwacha askari na nchi yake.

“Vichwa vya mtengenezaji mwingine ni haramu”

Watu huchanganya mambo matatu. La kwanza ni kanuni za ukumbi: Games Workshop, kwenye maduka na mashindano yake, hutaka vijisanamu na vipande vyake mwenyewe. Hilo ni sharti la mwenye nyumba. La pili ni kuuza vipande vinavyoingia kwenye vijisanamu vya mwingine. Kampuni hiyohiyo ilimshtaki mtengenezaji wa vipande wa Marekani, Chapterhouse Studios, mwaka 2010. Kesi ilisikilizwa Chicago, na mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama likagawa uamuzi, kila upande ukashinda madai kadhaa. Chapterhouse ikaamriwa kulipa dola 25,000, kiasi kidogo kwa kesi ya namna hiyo, na biashara ya vichwa vya akiba haikufa. La tatu ni kubonyeza kichwa cha mtu kwenye kalibu, kukisubu kwa mamia na kuuza. Huo ni wizi wa kazi ya mchongaji, na hauhitaji hakimu kuutambua.

“Ukiwa na printa hutafuti tena”

Utatafuta, ila utatafuta faili, maana printa hizi huchapa kijisanamu chenyewe kwa rezini. Faida kubwa ni kwamba unaweza kupunguza au kuongeza kichwa kwa asilimia kadhaa mpaka kimkae mtu wako, jambo ambalo mimi na kopo langu tunalionea wivu. Soma leseni, kwani faili nyingi ni za matumizi yako tu. Rezini mbichi usiishike kwa mikono mitupu, huamsha mzio. Na shingo ya kuchapwa huwa dhaifu, huvunjika hasa pale penye nguzo za kuegemeza. Nguzo hizo ziweke kisogoni au chini ya kofia.

Vichwa ninavyovikata sivitupi. Vya metali nimevitia kwenye chupa ya dawa tupu, nimeandika juu milimita zake kutoka kidevu hadi nyusi. Vile vizibo vya chupa nilivyoagiza kwa ujinga bado ninavyo. Mwaka jana nilipata miili ya wapiga mbizi wenye kola nene za chuma, mabega membamba, kishimo kirefu shingoni. Sita vimeingia bila tupa.