Watu Milioni 48.5: Nani Aliwahesabu, na Aliwauliza Nini?

Kila mwaka Marekani hutoa ripoti ya utafiti wake wa kitaifa kuhusu matumizi ya vilevi na afya ya akili. Ikishatoka, takwimu moja huchomolewa na kuanza kusafiri peke yake. Ya mwaka 2023 ilikuwa hii: watu milioni 48.5 wenye umri wa miaka 12 na kuendelea, sawa na asilimia 17.1, walikuwa na tatizo la kiafya la matumizi ya vilevi ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Wengi walioipokea wakaelewa kwamba Mmarekani mmoja kati ya sita ni teja. Sivyo ilivyo, na ili kuona kosa liko wapi inabidi turudi mlangoni, takwimu ilikozaliwa.

Msaili anabisha hodi kwenye nyumba iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Akikubaliwa, kompyuta yake humchagua mwanakaya mmoja au wawili. Pengine hachaguliwi yeyote, akaaga na kuondoka. Aliyechaguliwa akimaliza mahojiano hupewa dola 30. Maswali mepesi, kama umri, msaili huyasoma mwenyewe. Yakifika ya bangi, heroini au mawazo ya kujiua, anaigeuza kompyuta imwelekee anayehojiwa na kumpa vipokea sauti vya masikioni. Sauti iliyorekodiwa inasoma swali, mtu anabonyeza jibu, na msaili ameketi upande wa pili bila kukiona kioo. Mtindo huo ulianza kutumika mwaka 1999, kwa sababu watu hukiri mengi zaidi kwa mashine kuliko kwa mgeni anayewatazama usoni. Tangu mwishoni mwa 2020 wengine hujibu kwa intaneti. Kwa jumla, watu wapatao 70,000 huhojiwa kila mwaka.

Hakuna anayeulizwa, "Je, wewe ni mraibu?" Swali la namna hiyo lingejibiwa hapana na karibu kila mtu. Wanaulizwa mambo madogomadogo ya maisha. Uliwahi kunywa zaidi ya ulivyopanga? Ulitaka kupunguza ukashindwa? Ulishikwa na hamu kali? Kipimo cha zamani hakikutoshi tena? Ulipoacha, ulitetemeka? Dalili ziko 11, na mwenye mbili tu ndani ya mwaka anahesabiwa. Mbili au tatu ni hali nyepesi, nne au tano ni ya wastani, sita na kuendelea ni kali. Kwa hiyo ndani ya wale milioni 48.5 yumo mama anayemaliza chupa ya mvinyo alipokusudia glasi moja na ambaye ameshindwa kupunguza, na yumo kijana anayejidunga mara nne kwa siku. Wote wamehesabiwa sawasawa. Na tukiwa hapo: dawa za kulevya ndizo zinazotangazwa sana, lakini pombe ndiyo iliyoongoza, ikiwa na watu milioni 28.9.

Kipimo hiki cha dalili mbili kilianza kutumika kwenye utafiti huo mwaka 2020, na hapo ndipo takwimu zilipowapotosha wengi. Mwaka 2019 waliohesabiwa kuwa na tatizo walikuwa milioni 20.4. Mwaka 2020 wakawa milioni 40.3. Nimewahi kuona namba hizi mbili zikiwekwa bega kwa bega kama ushahidi kwamba ugonjwa uliongezeka maradufu ndani ya mwaka mmoja wa Uviko. Janga lile liliumiza watu, hilo halina ubishi, lakini katikati ya namba hizo mbili fimbo ya kupimia ilibadilishwa: mwongozo wa zamani wa madaktari wa akili uliachwa ukaingia mpya, na wakati huohuo usaili wa ana kwa ana ulikuwa umesimamishwa kwa miezi kadhaa. Waandaaji wenyewe huanza kuhesabu upya mwelekeo kuanzia 2021.

Kosa dogo lakini la kila mwaka ni kushangilia nukta. Mwaka 2022 asilimia ilikuwa 17.3, mwaka 2023 ikawa 17.1. Katika utafiti wa sampuli, tofauti nyembamba hivyo inaweza kutokana na nani tu aliyekuwa nyumbani hodi ilipopigwa. Si habari.

Upande wa afya ya akili una mtego wake. Mwaka 2023 watu wazima milioni 58.7, yaani asilimia 22.8, walikadiriwa kuwa na ugonjwa wowote wa akili. Nimesema walikadiriwa. Hakuna daktari aliyewapima mmoja mmoja. Majibu yao kuhusu huzuni, wasiwasi, kukata tamaa na kushindwa shughuli za kila siku hupitishwa kwenye kanuni ya kihesabu iliyotengenezwa kwa kulinganisha majibu ya aina hiyo na mahojiano ya wataalamu wa tiba. Tena hao ni wa miaka 18 na kuendelea, wakati wale wa vilevi wanaanzia miaka 12. Ukijumlisha makundi hayo mawili utapata zaidi ya watu milioni 107, na utakuwa umewahesabu mara mbili watu wazima milioni 20.4 wenye matatizo yote mawili kwa pamoja. Kwangu mimi kundi hilo ndilo lenye uzito kuliko yote kwenye ripoti, kwa sababu mtu anayekunywa ili apate usingizi na asiyepata usingizi kwa sababu anakunywa hawezi kutibiwa nusu.

Kuna pia wasiofikiwa kabisa. Utafiti huu hugonga milango; asiye na mlango hayumo. Wanaolala nje bila kufika kwenye makazi ya hifadhi, walioko magerezani, waliolazwa kwa muda mrefu na wanajeshi walio kazini hawahojiwi. Kwa bangi na pombe pengo hilo halisumbui sana. Kwa heroini linasumbua mno, na watafiti waliochanganya takwimu za waliokamatwa na polisi wamepata makadirio makubwa mara nyingi kuliko ya kwenye kaya.

Ningetamani vyombo vya habari vishike takwimu nyingine kabisa. Mwaka 2023 watu milioni 54.2 walikuwa wanahitaji matibabu ya vilevi, yaani wenye tatizo pamoja na wengine waliotibiwa ndani ya mwaka huo. Waliopata ni asilimia 23.6. Msomaji hukimbilia kulaumu gharama na uhaba wa vituo, na vikwazo hivyo vipo kweli. Lakini miongoni mwa watu wazima wenye tatizo ambao hawakutibiwa, zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuona kwamba wanahitaji tiba. Ni walewale waliovaa vipokea sauti, wakasikia swali la kutaka kupunguza na kushindwa, wakabonyeza ndiyo. Dakika chache baadaye sauti ileile ikawauliza kuhusu matibabu, wakabonyeza hapana.